Namba za risasi za Marekani: kabla hujasambaza klipu, uliza kimehesabiwa nini

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Naishi St. Louis, jimbo la Missouri, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Mwezi uliopita, saa kumi alfajiri, nipo katikati ya kumgeuza mzee mmoja kitandani, simu ikatetemeka mfukoni mara tatu mfululizo. Kuangalia, mama mdogo, Pangani. Moyo ukashtuka, maana kwetu simu tatu za mfululizo ni msiba. Nikamfunika mzee, nikatoka nje ya chumba, nikapokea. "Mwanangu, uko hai?"

Kumbe kwenye kundi la ukoo wamerusha klipu. Kijana amesimama mbele ya ramani iliyopakwa nyekundu, anasema mji ninaoishi ndio unaoongoza kwa mauaji Marekani nzima. Mama mdogo alikuwa analia kabisa.

Juma hilohilo shemeji yangu, mume wa dada, akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akavuta droo ya kando ya kitanda. Bastola mpya, imelala juu ya hati za kusafiria za watoto. "Shemeji, ile klipu umeiona? Mimi nina familia." Ana watoto wanne, mkubwa ana miaka kumi na tano.

Klipu moja imemliza mama Pangani na kumnunulisha baba silaha St. Louis. Namba iliyosemwa mle haikuwa ya uongo. Ilisomwa vibaya, na matokeo yake sasa yamelala ndani ya nyumba ya dada yangu. Ndiyo sababu naandika.

Nianze na St. Louis yenyewe. Mwaka 2020 watu 263 waliuawa ndani ya mji huu. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta wakazi 301,578. Gawanya, unapata kama watu 87 kwa kila wakazi 100,000. Ni kweli na inatisha. Nimesimama kwenye mikesha ya mishumaa pembeni ya barabara, nimewaona akina mama walivyo, kwa hiyo asije mtu akadhani napunguza maumivu ya watu.

Ila tazama unagawanya kwa nini. Mwaka 1876 mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti yake, mipaka ikaganda palepale. Watu wakaendelea kuhamia nje ya ule mstari, kizazi baada ya kizazi. Leo mji pamoja na viunga vyake una watu kama milioni 2.8, lakini "St. Louis" ya kwenye orodha ya mauaji ni wale laki tatu tu walio ndani ya mstari wa 1876. Sasa chukua Jacksonville, Florida. Wao waliunganisha mji na kaunti mwaka 1968, kwa hiyo vitongoji vyao vilivyotulia vimo ndani ya hesabu. Ukiipanga miji hii miwili kwenye orodha moja, ni sawa na kushindanisha bei ya mahindi ya huyu anayepima kwa debe na yule anayepima kwa pishi, bila kuuliza kipimo.

Halafu hata ndani ya mstari hatari haikugawanywa sawa. Kuna barabara inaitwa Delmar, inaukata mji kaskazini na kusini. Mtu anayekaa kaskazini mwa Delmar na mtu anayekaa St. Louis Hills, mtaa wa kusini uliotulia, wana meya mmoja, lakini hawalali usingizi mmoja. Namba ya mji inawapika wote kwenye sufuria moja. Mimi na shemeji tunakaa nje ya mstari kabisa, upande wa kaunti. Ile 87 haikutuhesabu.

Na klipu ilitumia mwaka 2020 bila kuutaja. Mwaka 2024 mji ulihesabu mauaji 150. Bado ni mengi, ila yamepungua kutoka 263, na hiyo haijarushwa kwenye kundi lolote la ukoo ninalolijua.

Naomba kuwasilisha hapo kwanza, nitaendelea.

Chuma cha Reli

Mkuu, kwa heshima zote, naona unaisafisha Marekani kwa sababu unakula huko. Watu 150 kwenye mji wa laki tatu bado ni vita. Na hizo shule zinazopigwa risasi kila siku? Bongo mbona hatusikii mambo hayo?

Mwana wa Pangani

Chuma cha Reli, sijachukia. Swali lako ndilo linaloulizwa na kila mtu, hata Wamarekani wenyewe.

"Kila siku." Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mwaka 2021, taasisi inayoitwa Gun Violence Archive ilihesabu matukio karibu 690 ya watu wengi kupigwa risasi kwa mpigo. Mwaka huohuo FBI, yaani polisi wa upelelezi wa serikali kuu, ilihesabu 61. Watu wakaanza kuitana waongo. Kumbe Gun Violence Archive wanaingiza kila tukio ambalo watu wanne au zaidi wamepigwa risasi, wakifa au wakijeruhiwa, bila kumhesabu mpigaji. Hapo imo sherehe ya uani iliyoharibika, ugomvi wa baa, na familia iliyoangamizwa na baba. FBI wao wanahesabu mtu aliyeingia mahali penye watu akiwa katika harakati za kuua. Waliokufa ni 706 kwa hesabu ya kwanza na 103 kwa ya pili, ambayo haiwahesabu wapigaji. Namba zote mbili ni za kweli. Zinajibu maswali mawili tofauti, na wanaobishana kwenye televisheni kila mmoja anachukua inayomfaa.

Sasa weka hizo kando, tazama jumla. Mwaka 2021 waliokufa kwa risasi Marekani walikuwa 48,830. Hiyo ni hesabu ya CDC, idara ya afya ya serikali kuu, inayotoka kwenye vyeti vya vifo. Ukichukua waliokufa kwenye matukio ya watu wengi kwa hesabu ile kubwa, 706, bado hujafika hata watu wawili katika kila mia. Wengine walikufaje?

Waliouawa na mtu mwingine: 20,958.
Waliojiua: 26,328.
Waliobaki, kama 1,500, ni ajali, waliopigwa na polisi, na vifo ambavyo chanzo hakikuthibitika.

Rudia kusoma mstari wa pili. Katika kila watu mia waliokufa kwa risasi, hamsini na wanne walijiua. Mwaka 2023 jumla ilishuka hadi 46,728, waliouawa wakapungua hadi 17,927, lakini waliojiua walipanda hadi 27,300. Yaani wakati wanasiasa wanagombania nani kapunguza uhalifu, kundi kubwa kuliko yote lilikuwa linaongezeka kimyakimya.

Yule mzee niliyekuwa namgeuza usiku ule simu ilipoita, alikuwa na mwana. Fundi wa mabomba, mtu wa kijijini kusini mwa Missouri, alijiua kwa bunduki ya kuwindia ya familia. Mzee huwa ananisimulia saa nane za usiku, taa imezimwa, kila mara anaanza mwanzo kana kwamba hajawahi kuniambia. Kijana yule hakutokea kwenye taarifa ya habari. Lakini amo kwenye zile 48,830, na mtu akisimama kwenye mdahalo akasema "watu elfu arobaini na nane wanakufa kwa bunduki" huku nyuma yake kuna picha ya kijana mweusi wa mjini mwenye kofia ya sweta, amemfuta mwana wa mzee yule na kumbebesha kijana mwingine kifo kisicho chake.

Na kuhusu Bongo kutosikia: kwetu bunduki mikononi mwa raia ni chache, hilo halina ubishi, na Marekani wanakadiriwa kuwa na bunduki nyingi kuliko watu. Ila tukitaka kulinganisha namba kwa namba, tukumbuke kwetu watu wengi bado wanazikwa bila kifo kusajiliwa popote. Bibi yangu alizikwa Alasiri ya siku aliyofariki, na cheti hakikuwahi kuandikwa. Kutosikia na kutokuwepo ni mambo mawili.

Mama Nuru

Nimesoma nikalia. Asante kwa kumtaja huyo mzee. Mimi ni muuguzi, niko Minnesota. Nina swali kuhusu watoto. Kila mahali wanasema bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto Marekani. Halafu jirani yangu anasema wamechakachua, wamewaingiza watu wazima. Nani mkweli?

Mwana wa Pangani

Dada yangu, jirani ana nusu ya hoja. Ile kauli ilivuma mwaka 2022, watafiti walipotazama vifo vya mwaka 2020 vya watu wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Walikuta 4,357 wamekufa kwa bunduki, na kwa mara ya kwanza bunduki ikapita ajali za magari. Sasa mtu wa miaka 18 na 19 kisheria ni mtu mzima, na vijana wa umri huo ni wengi ndani ya hesabu ile. Pia vichanga wa chini ya mwaka mmoja waliachwa, kwa sababu vifo vyao vina vyanzo vya peke yake, vya kuzaliwa kabla ya wakati na kasoro za kimaumbile.

Jirani angeishia hapo ningemkubalia. Lakini watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walihesabu wa mwaka 1 hadi 17 peke yao, na bunduki ikabaki juu, mwaka 2022 ukiwa wa tatu mfululizo. Na kama mtu hataki kusikia habari za nafasi ya kwanza wala ya pili, achukue hii: waliokufa kwa risasi wakiwa chini ya miaka 18 walikuwa 1,732 mwaka 2019, na 2,590 mwaka 2021. Miaka miwili tu. Hapo hakuna mtu mzima aliyeingizwa.

Ninachomwomba anayetumia kauli ile ni kutaja umri. Ukisema "watoto" msikilizaji anaona mtoto wa chekechea, mpinzani wako anajua ni kijana wa miaka 19, na ukishakamatwa kwa hilo hakuna atakayekusikiliza kwa yaliyobaki, hata kama ni kweli tupu.

Mtoto wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Oklahoma City na familia, tulifika hapa mwaka 2014 tukitoka kambi ya Nyarugusu. Nataka niwape kisa nilichokiona kwa macho yangu kwenye televisheni. Oktoba 2022 kulikuwa mdahalo wa ugavana. Mgombea mpinzani, Joy Hofmeister, alimwambia Gavana Kevin Stitt kwamba uhalifu wa kutumia nguvu hapa Oklahoma ni mkubwa kuliko wa New York na California. Gavana akacheka, akawageukia watu, akawauliza kama wanaamini maneno hayo. Ukumbini wengine wakacheka naye. Na mimi nyumbani nikacheka, nasema huyu mama amepotea.

Kesho yake waandishi wakaenda kuangalia namba za FBI. Mama alikuwa sahihi.

Mwana wa Pangani

Asante sana kaka, kisa hiki nilikuwa nacho mfukoni, umenitangulia.

Namba za mwaka 2020 zilikuwa hivi, kwa kila wakazi 100,000: Oklahoma kama 458, California kama 442, New York kama 364. Na bado Stitt alishinda uchaguzi mwezi uliofuata. Simlaumu mtu kwa kucheka. New York ina watu karibu milioni 20, Oklahoma milioni nne. Tukio likitokea New York lina kamera kumi, likitokea kaunti ya mashambani Oklahoma lina gari moja la sherifu na taa zake. Sikio linahesabu habari, halihesabu watu.

Mji wa New York, siyo jimbo, nao una mtego mwingine, wa mwaka wa kuanzia. Mauaji yalikuwa 319 mwaka 2019, yakafika 468 mwaka 2020. Ukianzia 2019 unasema yameruka karibu nusu, na ni kweli. Ukianzia 1990, walipokufa 2,245, unasema mji umepona, na ni kweli. Nikimwona mtu anaanza mchoro wake mwaka fulani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwaka aliouruka.

Na kuna jambo la mwaka 2021 ambalo limeleta ugomvi mwingi bila sababu. FBI walibadili mfumo wa kupokea taarifa kutoka polisi. Idara nyingi hazikuwa tayari, karibu asilimia 40 hazikutuma kitu, zikiwemo New York na Los Angeles. Fikiria: unaandika hali ya uhalifu ya nchi, na miji yake miwili mikubwa haimo. FBI ikabidi wakadirie. Kwa hiyo akikuletea mtu mchoro wa FBI ambao 2021 umeshuka ghafla kwenye mji au jimbo fulani, uliza kwanza polisi wa pale walituma taarifa au hawakutuma.

Tena FBI na CDC hawatakuja kulingana hata siku moja. Mwaka 2020 FBI walikadiria mauaji 21,570, CDC wakaandika 24,576. FBI anasikia kwa polisi, na kuripoti ni hiari kwa idara nyingi. CDC anasoma cheti cha kifo alichoandika daktari au mchunguzi wa vifo, ambaye kwake mtu aliyeuawa na mtu mwingine ameuawa, hata kama muuaji alikuwa anajitetea. Nimeona watu wakitukanana kurasa nzima, mmoja ameshika hii na mwingine ile.

Mkisauni

Wenzangu, niko Mombasa, lakini mjadala huu naufuata sana. Hiyo ya upande mmoja tumeisikia. Sasa wale wanaopenda bunduki wana namba yao, naiona kila mara kwa mitandao, kwamba Wamarekani milioni mbili na nusu kila mwaka hujiokoa kwa bunduki. Kama ni kweli basi bunduki inaokoa watu wengi kuliko inaoua. Hiyo nayo tuipime, tusiwe waonevu.

Mwana wa Pangani

Haki kabisa, na nimefurahi umeiuliza, kwa sababu shemeji yangu naye aliishika hiyohiyo.

Ilitoka kwa watafiti wawili, Gary Kleck na Marc Gertz, ikachapishwa mwaka 1995. Waliwapigia simu watu 4,977, wakawauliza kama katika mwaka uliopita wamewahi kujihami kwa bunduki. Waliojibu ndiyo walikuwa kama asilimia 1.3. Hao ni watu sitini na kitu. Kisha asilimia ile ikapigwa kwa idadi ya watu wazima wa nchi nzima, ikatoka milioni 2.5.

Shika kalamu tufanye pamoja. Kila mtu mmoja aliyesema ndiyo kwenye simu anasimama badala ya watu wazima 38,000 hivi. Sasa sema miongoni mwa wale sitini na kitu, arobaini walichanganya tarehe. Tukio lilikuwa la kweli ila la miaka mitatu nyuma, lakini mtu aliyewahi kuingiliwa nyumbani kwake huliona kama la jana. Arobaini tu, unaweza kuwakalisha wote kwenye kibanda cha kahawa. Tayari umeshaondoa watu milioni moja na nusu kwenye namba ya taifa. Hoja hii aliitoa David Hemenway wa Harvard mwaka 1997: ukitafuta jambo adimu kwa kuuliza watu wote, hata makosa madogo ya majibu yanavimba kuliko jambo lenyewe.

Serikali ina dodoso lake la wahanga wa uhalifu, linalowafikia watu wengi zaidi na kuwarudia kila baada ya miezi sita, na lenyewe huleta kati ya elfu sitini na laki moja kwa mwaka. Kleck naye ana jibu, kwamba dodoso la serikali linawakosa wanaoogopa kumwambia mtu wa serikali kuwa walitoa bunduki, tena linaanza kwa kuuliza kama ulifanyiwa uhalifu, na wapo wanaoona kwamba kwa vile walijihami basi hawakufanyiwa. Ana hoja pale. Kweli inaweza kuwa juu ya laki moja. Lakini mtu anayetaja milioni mbili na nusu kana kwamba zimehesabiwa moja moja, hajui kwamba zimesimama juu ya watu sitini na kitu na simu.

Dada wa Houston

Kaka, kuna namba moja hamjaigusa na ndiyo inayotuumiza sisi wenye watoto huku. Mwanangu wa darasa la nane alirudi nyumbani akaniambia mwenzake kamwambia, kuhusu sisi weusi, "asilimia kumi na tatu ya watu, asilimia hamsini ya mauaji". Akaniuliza, mama, ni kweli sisi ndivyo tulivyo? Sikuwa na jibu.

Mwana wa Pangani

Pole sana dada. Nimeandika na kufuta mara kadhaa, nataka nikupe kitu utakachoweza kumwambia mtoto.

Ile hamsini inatoka kwenye jedwali la FBI la watu waliokamatwa. Mwaka 2019, katika waliokamatwa kwa mauaji, weusi walikuwa kama asilimia 51. Waliokamatwa, siyo waliohukumiwa. Na mwaka huo karibu mauaji manne katika kila kumi nchini humu hayakupatiwa ufumbuzi, kwa hiyo jedwali halijui lolote kuhusu hayo.

Lakini sitaki mtoto ategemee hilo peke yake, kwa sababu hata kwenye vyeti vya vifo jamii ya weusi inazika watu wengi mno kwa risasi kuliko hesabu yake kwenye nchi, na wale wanaozikwa ni wetu. Mwambie hivi: hao waliokamatwa, ukiacha asilimia, walikuwa watu elfu nne na kitu. Weusi nchini humu ni zaidi ya milioni arobaini. Ni chini ya mtu mmoja katika kila elfu kumi. Mchukue kwenye uwanja wa mpira wenye watu elfu kumi, umwambie atazame, halafu amwambie mwenzake kama uwanja mzima "ndivyo ulivyo" kwa sababu ya mtu mmoja. Yule mwenzake ameanza kwa wauaji akauliza rangi yao. Alichotakiwa kuanza nacho ni watu, akauliza wangapi ni wauaji. Ni maswali mawili yanayopishana mbali sana.

Na akikua kidogo umwonyeshe Labadie Avenue hapa St. Louis. Kulikuwa na mikataba ya nyumba iliyokataza kumuuzia mtu mweusi. Familia ya Shelley ilinunua nyumba mtaa huo, majirani wakaishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1948 ikaamuliwa kwamba mahakama haziwezi kutumika kulazimisha mikataba ile. Mstari wa Delmar, unaotenga mitaa ya weusi na ya weupe, una historia ya namna hiyo nyuma yake. Jedwali la FBI lina safu ya rangi. Halina safu ya mtaa, wala ya shule iliyofungwa, wala ya kiwanda kilichohama, na msomaji mvivu anadhani kisichokuwa na safu hakipo.

Chuma cha Reli

Mwana wa Pangani, nafuta niliyosema kwamba unaisafisha Marekani. Sasa tuambie, shemeji imekuwaje?

Mwana wa Pangani

Nilikwenda Jumapili baada ya kazi, sijalala. Sikuanza na namba. Nilimuuliza, "Shemeji, unamwogopa nani hasa?" Akafikiri, akasema anamwogopa mtu atakayevunja mlango usiku. Nikamuuliza mtaa huu wamevunja lini. Hakukumbuka, na mimi sikumbuki.

Ndipo nikamwonyesha kwenye simu zile namba mbili, 20,958 na 26,328. Akakaa kimya. Nikamwambia kuna watafiti walifuatilia watu wazima milioni 26 wa California kwa zaidi ya miaka kumi. Wanaume waliomiliki bastola walijiua kwa bunduki karibu mara nane ya wanaume wasiomiliki. Akapinga, na pingamizi lake lilikuwa la akili: pengine wanaotaka kujiua ndio wananunua. Nikamwambia ndiyo, wapo wa namna hiyo, na walionekana wengi kwenye siku za mwanzo baada ya kununua. Lakini zaidi ya nusu ya vifo vile vilikuja baada ya mwaka kupita, watu walioishi na bastola ndani mpaka siku mbaya ikawakuta nayo.

Dada alikuwa mlangoni, hatukujua amesimama muda gani. Akasema, "Yule mkubwa tangu ahamishwe shule hali chakula mezani na sisi." Akasema hivyo tu.

Shemeji hakuirudisha dukani. Anasema ni haki yake na amelipia, na mimi siwezi kumwamulia baba mwenye nyumba. Ila tulikwenda pamoja jioni ileile tukanunua kasha la chuma lenye namba za siri, lenye kufungwa kwa skrubu sakafuni, na risasi zikawekwa kwenye lingine, ufunguo wake anao dada. Nilimwachia pia namba 988 kwenye karatasi, ile ya simu ya msaada kwa mtu aliyezidiwa rohoni, wanapokea saa yoyote, tukaibandika kwenye friji kati ya ratiba ya basi la shule na kalenda ya kanisa. Mkubwa alipita akaisoma, akachukua maji, akakaa mezani na sisi dakika chache.

Mama mdogo nimemrekodia ujumbe wa sauti, dakika sita, kuhusu mstari wa 1876. Amenijibu kwamba ameuelewa, na kwamba ameusambaza kwenye kundi la ukoo, ila kila siku saa saba mchana za kwenu bado anapiga, na mimi napokea.